Bei ya dawa ya saratani imeshuka. Sasa kipimo kimfikie mwanamke wa Kwale

MAKUBALIANO ya Oktoba 2025 baina ya Wizara ya Afya, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) na kampuni ya dawa ya Roche ni miongoni mwa hatua kubwa zaidi zilizowahi kuchukuliwa nchini Kenya kuhusu tiba ya saratani ya matiti. Gharama ya dawa ya Herceptin ilishuka kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000 kwa kila kikao, na kiasi hicho kikawa mzigo wa SHA badala ya mgonjwa aliyetimiza masharti.

Hata hivyo, kwa mwanamke anayeishi Kona ya Musa, katika eneo la Ukunda na Diani, Kaunti ya Kwale, habari hiyo njema ina fumbo ndani yake. Herceptin si dawa ya kila mwenye saratani ya matiti. Hupewa yule tu ambaye maabara imethibitisha kwamba seli za uvimbe wake zimejaa kipokezi kijulikanacho kama HER2. Asiyepimwa kipokezi hicho hawezi kupewa dawa, hata ingalitolewa bure.

Kwa maneno mengine, serikali imefungua duka la dawa huku ufunguo wa duka hilo ukiwa maabara. Suala linalopaswa kuwashughulisha viongozi wa Pwani si bei ya dawa peke yake, bali ni namna kipande kidogo cha nyama kitokacho kwenye titi la mgonjwa wa Kusini mwa Pwani kinavyosafirishwa, kuhifadhiwa, kusomwa na kurejeshewa majibu kwa wakati.

Kipokezi ni nini?

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, yafaa kwanza kufahamu kinachopimwa. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando. Juu ya utando huo zimejipanga protini ambazo upande mmoja umechomoza nje ya seli na upande wa pili umezama ndani. Protini hizo ndizo vipokezi. Kazi yake ni kama ya bawabu: hupokea ujumbe unaoletwa na kemikali za mwili na kuupeleka ndani, nayo seli ikatii. Ujumbe waweza kuwa amri ya kukua, ya kugawanyika, ya kutulia au hata ya kufa.

HER2 ni mmoja wa mabawabu wa ukuaji. Tofauti yake na ndugu zake ni kwamba haina kemikali maalumu inayoingojea. Hufanya kazi kwa kuungana na vipokezi vingine vilivyo jirani. Katika titi lenye afya, seli moja huwa na makumi ya maelfu ya vipokezi hivyo, na kazi huenda kwa utaratibu.

Matatizo huanza pale jeni inayotengeneza HER2 inapojirudufu ndani ya seli. Vipokezi huongezeka hadi kufikia milioni mbili katika seli moja. Vinaposongamana kiasi hicho, hukutana vyenyewe kwa vyenyewe na kupeleka ndani amri ya kukua ambayo hakuna aliyeitoa. Seli hugawanyika bila kikomo, uvimbe hukua haraka, na saratani husambaa mapema kwenye tezi, mifupa, ini au ubongo.

Uhusiano huo ulidhihirika mnamo 1987, pale Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walipoonyesha kwamba wagonjwa wenye nakala nyingi za jeni hiyo walirudiwa na ugonjwa na kufariki mapema kuliko wengine. Leo hii inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 15 na 20 ya saratani za matiti ni za aina hiyo.

Udhaifu uliogeuzwa silaha

Kilichokuwa laana kikageuzwa kuwa shabaha. Kwa kuwa kipokezi hicho kiko nje ya seli, kinaweza kufikiwa na dawa inayopita katika damu bila ya kulazimika kuingia ndani. Wanasayansi walitengeneza kingamwili iitwayo trastuzumabu, ambayo ndiyo Herceptin, yenye umbo linaloshikamana na HER2 peke yake. Ikishashika, huzuia ujumbe wa ukuaji na wakati huohuo huwaita askari wa kinga ya mwili waje kuishambulia seli hiyo.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo mnamo 1998 kwa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kusambaa. Mnamo 2005 majaribio makubwa yalionyesha kuwa huwafaa zaidi wagonjwa wa mapema, inapotolewa pamoja na kemotherapia baada ya upasuaji. Uchanganuzi uliochapishwa 2021, uliounganisha majaribio saba yenye karibu wanawake 14,000, ulithibitisha kuwa dawa hiyo hupunguza kwa takriban theluthi moja hatari ya kurudiwa na saratani na pia hatari ya kufa kutokana nayo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mnamo 2015. Desemba 2019, shirika hilo likaidhinisha kwa mara ya kwanza nakala ya dawa hiyo iliyotengenezwa na kampuni nyingine, kwa nia ya kuvunja ukiritimba wa bei.

Ni lazima pia kusema wazi kile ambacho dawa hii haifanyi. Kwa wagonjwa wanne kati ya watano, au zaidi, haina manufaa yaliyothibitishwa na majaribio hayo. Wengi wao wana uvimbe unaotegemea homoni za estrojeni na projesteroni. Vipokezi vya homoni hizo haviko juu ya seli bali ndani yake, na tiba yake ni tofauti: vidonge kama tamoksifeni, vilivyoanza kutumiwa miaka ya 1970 na ambavyo bei yake ni nafuu mno.

Kuna na kundi la tatu, la wagonjwa ambao uvimbe wao hauna kipokezi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Aina hiyo huonekana zaidi miongoni mwa wanawake wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi, na matibabu yake hutegemea zaidi upasuaji na kemotherapia. Kumtibu mgonjwa pasipo kujua yuko kundi gani ni sawa na kurusha jiwe gizani.

Safari ya kipande cha nyama

Hapo ndipo jiografia ya Kwale inapoingia. Mwanamke wa Kona ya Musa anapogundua kidonge kigumu kwenye titi, huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Akishauriwa kwenda mbele, ana njia mbili. Aweza kupanda matatu kuelekea kusini hadi Msambweni, iliko hospitali ya rufaa ya kaunti, au aelekee kaskazini hadi Likoni, avuke kwa feri na kufika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani mjini Mombasa, ambayo wazee wengi bado huiita Makadara.

Popote atakapoishia, daktari atatoa kipande cha uvimbe kwa sindano nene au kwa upasuaji. Tangu dakika hiyo saa imeanza kuhesabu. Miongozo ya kimataifa inataka kipande hicho kitiwe katika dawa ya formalini kabla ya saa moja kupita, na kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72 kabla ya kutayarishwa maabarani. Kikicheleweshwa kwenye joto la Pwani bila formalini, protini huharibika. Kikilowekwa kupita kiasi, vipokezi hujificha na rangi ya kupimia haishiki ipasavyo.

Matokeo yake ni majibu ya uongo. Mwenye HER2 huambiwa hana, akanyimwa dawa inayoweza kumwokoa. Asiye nayo huambiwa anayo, akadungwa kwa mwaka mzima dawa isiyomfaa ambayo, zaidi ya hayo, inaweza kuudhoofisha moyo.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa kupaka rangi maalumu juu ya kipande chembamba cha nyama na kukisoma kwa darubini. Mwanapatholojia hutoa alama: 0, 1+, 2+ au 3+. Alama ya 3+ ina maana kwamba dawa inafaa. Alama ya 2+ ni ya mashaka na hudai kipimo cha pili cha kuhesabu nakala za jeni, ambacho ni ghali zaidi. Hata tofauti kati ya 0 na 1+, ambayo zamani haikujaliwa, imepata uzito tangu 2022, pale dawa mpya inayobeba sumu ya kuua seli hadi kwenye HER2 ilipoidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wenye kipokezi kidogo ambao saratani yao imesambaa.

Maabara zenye vifaa na wataalamu wa kazi hiyo nchini ni chache, na nyingi ziko Nairobi. Kwa hivyo kipande kilichotolewa Msambweni huweza kusafiri mamia ya kilomita. Kila kituo cha safari hiyo ni nafasi ya kuchelewa, ya kupoteza fomu au ya kukosea jina. Chupa ya formalini haina gharama kubwa. Lakini kosa la chupa hiyo laweza kubatilisha dawa ya mamia ya maelfu ya shilingi.

Hesabu za fedha

Tiba kamili ya Herceptin kwa mgonjwa wa mapema huwa ni takriban vikao 18, kimoja kila baada ya wiki tatu, kwa mwaka mmoja. Kwa bei ya zamani, hizo ni Sh2,160,000. Kwa bei mpya ni Sh720,000.

SHA ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, kiwango cha matibabu ya saratani kilikuwa Sh400,000 kwa mwaka kwa kila familia, na nyongeza ya Sh150,000 kutoka hazina ya maradhi sugu na mahututi. Jumla hiyo ya Sh550,000 ingelipia vikao vinne tu vya Herceptin kwa bei ya zamani na sehemu ya cha tano, kabla hata ya kuhesabu upasuaji, kemotherapia na mionzi. Ni dhahiri basi kwamba bila makubaliano ya bei, bima peke yake isingefua dafu.

Lakini bima yenyewe ina mlango wake. Mtu asiye na ajira rasmi hutakiwa kuchangia asilimia 2.75 ya mapato ya familia, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na mchango hulipwa kwa mkupuo wa mwaka. Kwa mvuvi, mama muuza samaki, au kibarua wa hoteli za Diani ambaye kazi yake hupanda na kushuka pamoja na msimu wa watalii, Sh3,600 kwa mara moja si fedha kidogo. Mara nyingi familia huzikumbuka siku ugonjwa unapobisha hodi.

Kuna pia gharama zisizoonekana katika mikataba. Mgonjwa wa Herceptin hupaswa kupimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti kabla ya kuanza, na tena kila baada ya takriban miezi mitatu. Safari 18 za kwenda na kurudi Mombasa ni nauli, ni chakula, ni siku za kazi zilizopotea, na mara nyingi ni nauli ya mtu wa pili anayemsindikiza.

Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 2019, ukihusisha zaidi ya wanawake 4,000, ulionyesha kwamba miezi sita ya dawa hiyo haikuwa duni kuliko miezi 12 kwa wagonjwa wa mapema, na madhara ya moyo yalipungua. Utafiti wa Ufaransa uliotangulia haukufikia uamuzi huo, na muda wa mwaka mmoja ungali ndio kanuni katika nchi nyingi. Hata hivyo, kwa taifa linalopima kila shilingi, vikao tisa vya Sh360,000 badala ya 18 ni jambo linalostahili kujadiliwa waziwazi na madaktari bingwa, badala ya kuachiwa wagonjwa wanaokatiza tiba kwa kukosa nauli.

Muda unaohesabika

Takwimu za kimataifa za 2022 zinakadiria kuwa Kenya hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 kwa mwaka, na vifo karibu 29,000. Saratani ya matiti inaongoza, kwa wagonjwa wapya zaidi ya 7,000. Ikiwa asilimia 15 hadi 20 wana HER2, basi wanaozungumziwa ni zaidi ya wanawake 1,000 kila mwaka. Wanaweza kuokolewa kwa kiasi kikubwa ikiwa watajulikana mapema.

Mpango wa WHO wa saratani ya matiti, ulioanzishwa 2021, umeweka malengo matatu yanayokumbukika kwa urahisi. Angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe ugonjwa ukiwa katika hatua mbili za mwanzo. Uchunguzi ukamilike katika muda wa siku 60 tangu mgonjwa afike hospitalini kwa mara ya kwanza. Na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao.

Lengo la kwanza ni la jamii. Pwani, kama kwingineko, haya na hofu huwazuia wanawake wengi kuonyesha titi lenye uvimbe. Wengine hupitia kwanza kwa mganga, na wengine huogopa kwamba hospitali itawakata titi na ndoa ivunjike. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mahubiri ya Ijumaa, vikundi vya akina mama na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba vina kazi ambayo hakuna maabara inayoweza kuifanya.

Lengo la pili na la tatu, hata hivyo, si la mgonjwa. Ni la serikali, na hapa ugatuzi umeacha mwanya. Tangu 2013 hospitali za Kwale ziko chini ya Kaunti ya Kwale, na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko chini ya Kaunti ya Mombasa. Dawa imejadiliwa Nairobi. Kipande cha nyama kinachovuka Likoni huvuka pia mpaka wa bajeti, na ni rahisi kila upande ukadhani kwamba upande wa pili ndio unaokifuatilia.

Je, ni anasa?

Wapo watakaouliza kama Kwale, kaunti inayopambana na malaria, kichocho na vifo vya akina mama wakati wa kujifungua, ina haki ya kutumia fedha kwa ajili ya vipimo vya vipokezi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Fedha za afya ni chache, na kila shilingi ina wadai wengi.

Lakini hoja hiyo inasahau kwamba njia inayopitisha sampuli ya titi ndiyo hiyohiyo inayopitisha sampuli ya mlango wa kizazi, ya umio, ya tezi dume na ya uvimbe wa mtoto. Formalini haibagui. Saratani ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mnamo 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda, hutokea zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, na seli zake hubeba kipokezi kingine cha juu, CD20, kinacholengwa na dawa ya rituksimabu. Dawa za kulenga vipokezi zinaongezeka kila mwaka, na zote zina sharti moja: kwanza pima.

Mambo yanayohitajika si makubwa kama inavyodhaniwa. Kaunti ya Kwale yaweza kuhakikisha kwamba kila chumba cha upasuaji kina formalini, chupa zenye majina na fomu inayoonyesha saa ambayo kipande kilitolewa. Yaweza kumteua muuguzi mmoja Msambweni ambaye kazi yake ni kufuatilia sampuli na kumpigia mgonjwa simu majibu yanapofika. Kaunti za Pwani zaweza kuchangia kwa pamoja maabara moja ya vipokezi mjini Mombasa, ambako tayari serikali imejenga kituo cha saratani cha kikanda, na kuwagharimia wanapatholojia wa kuiendesha.

Kwa upande wake, SHA inapaswa kukihesabu kipimo cha vipokezi, kipimo cha moyo na dawa kuwa tiba moja isiyogawanyika. Kulipia dawa bila kulipia kipimo ni kumkaribisha mgeni chakula na kumfungia mlango. Wizara nayo ingefanya vyema kutangaza kila mwaka idadi ya wagonjwa wa matiti waliopimwa HER2 katika kila kaunti na siku walizosubiri majibu, mbali na idadi ya waliopewa dawa. Idadi ya waliopewa dawa huwapendeza waliotia saini mkataba. Idadi ya waliopimwa ndiyo itakayoonyesha nani ameachwa nje.

Bei ya Sh40,000 ni ushindi, na waliouleta wastahili pongezi. Ila ushindi huo utapimwa na siku ambazo mwanamke wa Kona ya Musa atahesabu tangu aguse uvimbe hadi aambiwe ni wa aina gani. Zikiwa 60 au pungufu, dawa itakuwa imemfikia. Zikiwa miezi sita, itamkuta saratani imekwisha kuvuka kabla ya sampuli yake.